Kirungu Nilichokiita Mpini wa Shoka

Andika kwanza waliopo, Zuwena, na usimfupishie mtu jina lake. Yupo Sheikh Abdulswamad bin Nassor, imamu wa mtaa wetu, ambaye si mrithi wangu na kwa hiyo anafaa kuwa shahidi. Yupo jirani yetu Himid bin Kombo, fundi cherehani, shahidi wa pili. Yupo mwanangu Adil bin Abdulrazak, aliyewasili kutoka Dar es Salaam saa mbili asubuhi, na tangu amefika ameitazama simu yake mara nyingi kuliko alivyonitazama mimi. Yupo Mahmoud bin Abdullatif, mtoto wa marehemu mdogo wangu. Yupo mke wangu Sihaba binti Omari, amekaa penye kizingiti, nusu ndani nusu nje, kwa sababu amenikasirikia, naye ana haki. Upo wewe unayeandika, Zuwena binti Abdulrazak, mwalimu mstaafu, mwenye mwandiko unaosomeka. Nami ni Abdulrazak bin Salumu, niliyekuwa karani wa mahakama kwa miaka ishirini na sita, umri wangu themanini na minane, akili yangu timamu, mwili basi tena.

Asiyekuwepo ni Mwinshehe bin Pazi wa Fukayosi. Mwandike na yeye. Andika kwamba aliitwa mara nne na hakuna aliyemfikishia mwito.

Adil, weka simu chini.

Maneno haya nilitaka kuyasema Ramadhani iliyopita, nikiwa bado naweza kukaa kitini, na nilitaka kuyasema mbele ya Mwinshehe mwenyewe, si mbele ya godoro na chupa za dawa. Nilikwambia wewe, Adil, nenda Fukayosi kaniletee mtu. Ukasema, baada ya Idi, baba. Baada ya Idi ukasema mvua imeharibu barabara. Barabara ilipokauka ukasema gari liko gereji. Kisha nikamtuma Mahmoud, na habari ya Mahmoud nitaifikia, nayo itaandikwa kama ilivyokuwa. Nyote mlinijibu kwa upole, mkanifunika shuka, mkaniletea maji ya madafu, mkaniambia nisijichoshe. Mtu akiwa mzee, upole wa watoto wake unaweza kuwa mlango uliofungwa kwa nje.

Basi nayasema leo, na asinikatize mtu.

Ya mali kwanza, maana najua ndiyo yaliyowaleta mapema. Nyumba hii na vilivyomo ni vya warithi kwa mafungu ya sheria, Sheikh Abdulswamad atawagawia, na mama yenu hatatolewa chumbani mwake maadamu anapumua. Shamba la Kiromo, lenye minazi na mikorosho, halizidi theluthi ya nilicho nacho, na theluthi ndiyo niliyoruhusiwa kumpa mtu asiye mrithi. Shamba hilo nimempa Mwinshehe bin Pazi. Tulia, Adil. Najua umeshaleta watu wa kupima viwanja; Himid aliwaona na kamba zao. Nimempa kwa sababu nitakayoieleza sasa, na ukishaisikia, ukitaka kupinga, pinga ukiwa umesimama, mbele ya Sheikh, ukiwa umemwangalia mama yako usoni.

Babu yenu Salumu alikuwa mkereza. Siku hizi watu wanasema seremala, wakamaliza, lakini seremala ni mtu mwingine. Baba alikuwa na keezo, chombo cha kukerezea, akizungusha mti kwa kamba ya upote, ile ya upinde, huku mguu wake wa kulia ukishikilia patasi, na vitanda vingi vya mji huu vilisimama juu ya matendegu aliyoyakereza yeye. Nilipokuwa mdogo, wakati wa Waingereza, serikali ilimpa kazi ya kukereza virungu vya askari, nami nikirudi shule nilikaa kwenye maranda nikampokea kimoja kimoja na kuvipaka mafuta. Baba hakuwa mtu wa maneno mengi, ila akikuta umekiita kitu kwa jina lisilo lake alisimamisha keezo. Ndipo nilipojifunza kwamba rungu lina kichwa, nacho kinatoka kwenye fundo la mti, na mwenyewe hulichonga kwa tezo akiwa amekaa kwake. Kirungu cha askari hakina kichwa. Ni mti ulionyooka, umekerezwa, mnene mbele, mwembamba penye mkono, una tundu la ugwe ili kisimponyoke aliyekishika, na kitakoni kina namba. Baba alikuwa akikata pete mbili chini ya mahali pa kushikia, pete mbili zilizokaribiana kama midomo, na hakuna mkereza mwingine wa pwani hii aliyezikata hivyo. Hiyo ilikuwa sahihi yake. Hakujua kuandika.

Shuleni mwalimu alituchapa kwa henzirani, ambayo haimei kwetu, huletwa kutoka ng'ambo, na hupinda bila kuvunjika. Leo kila mtu anasema amechapwa bakora, hata magazetini, na bakora ni fimbo ya kutembelea, yenye mpini uliopinda, ya mtu mzima anayejiheshimu. Kiboko ni ngozi ya mnyama, si mti kabisa. Ufito ni wa kujengea, ingawa mama zetu waliupa kazi ya pili. Haya nimeyasema katika nyumba hii mpaka mkayafanya mzaha. Adil, mwaka jana, mbele ya wanao, tukitazama habari kwenye televisheni, mtangazaji akasema askari walitumia marungu, nikasema hivyo ni virungu. Nawe ukasema, "Baba, anayepigwa hajali jina la fimbo." Mkacheka wote, na mimi nikacheka kwa adabu. Leo nakujibu. Anayepigwa hajali. Anayefungwa anajali.

Mwaka wa sabini na moja, mwezi wa Agosti, baba yako Mahmoud, yaani mdogo wangu Abdullatif, alikuwa askari, na alikuwa likizo. Alivaa nguo za nyumbani. Kirungu alikuwa nacho mkobani, kwa sababu alikipenda, na alikwisha kuripoti kazini kwamba kimepotea ili apewe kingine. Hiyo ilikuwa tabia yake tangu utoto, kutaka viwili. Alikuwa njia panda ya Chalinze akisubiri basi. Pale walikuwa wanapakua mananasi kutoka lori. Mwenye mananasi ni Mwinshehe bin Pazi, kijana wa Fukayosi wa miaka ishirini na saba, na mpakuaji ni Yahya bin Mbega wa Ubena. Yahya alitupa gunia, mananasi yakapasuka, wakaanza kutukanana.

Mwinshehe akamwambia, "Wewe mkono wako wa kupakua mawe, nani kakupa nanasi?"

Yahya akamjibu, "Nanasi lako chachu, hata likianguka linashukuru."

Watu wakacheka. Mambo yangeishia hapo, maana wanaotukanana hivyo jioni hula pamoja. Lakini Abdullatif aliingia katikati, akasema yeye ni serikali, watulie. Yahya akamuuliza, "Serikali gani ya kanzu?" Watu wakacheka tena, na safari hii wakimcheka yeye. Akatoa kirungu, akampiga Yahya kichwani mara moja. Mwinshehe ndiye aliyemdaka asianguke. Nasema ndiye aliyemdaka. Ndiyo sababu damu ilikuwa kwenye shati lake na si kwenye kanzu ya mdogo wangu. Watu walipoona damu wakatawanyika, na Abdullatif akakiacha kirungu chini, akamshika Mwinshehe mkono akaita, nimemkamata.

Yahya hakufa siku ile. Aliishi miaka kumi na moja, hakusema tena neno lililokamilika, na mama yake alimlisha kwa kijiko.

Haya aliniambia Abdullatif mwenyewe, mahali mnapoweka jokofu sasa, akilia. Sikusimuliwa na mtu wa tatu.

Kesi ilikuja kwenye mahakama niliyokuwa karani. Sitaitaja, waliokuwemo wamekwisha kufa, na kosa halikuwa la jengo. Kielelezo kilikuja kimefungwa gazetini, na aliyekiokota aliandika "fimbo moja", basi. Kazi ya kukipa jina kamili kwenye kibandiko na kwenye orodha ilikuwa yangu, na ufunguo wa chumba cha vielelezo ulikuwa mfukoni mwangu. Nikafungua gazeti. Kabla sijaona ugwe, kabla sijaona namba, niliona pete mbili.

Mama yangu, bibi yenu Kulthum, alikuja nyumbani kwangu baada ya sala ya Adhuhuri. Sijui Abdullatif alimwambia nini, lakini alikuja amevaa baibui lake la msibani. Hakukaa. Alisema, "Abdulrazak, ukiandika kirungu, umenitoa mtoto mmoja. Andika kitu cha shamba. Yule ni mtu wa shamba." Nikamwambia mama, yule ana mama yake. Akasema, "Mama yake simjui. Mimi unanijua."

Andika hivyo hivyo, Zuwena. Usilainishe.

Nilirudi mahakamani. Nilikata ugwe nikautia mfukoni. Tundu la ugwe nikaliziba kwa kijiti na gundi ya moto. Namba ya kitakoni nikaikwangua kwa kipande cha chupa, kama baba alivyonifundisha kukwangua tendegu kabla ya kulipaka mafuta, nikapitisha msasa, nikapaka vumbi. Niliifanya kazi ile bila haraka. Kwa hilo mpaka leo najishangaa. Pete mbili sikuweza kuzigusa. Kisha nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri, ule niliosifiwa na wakaguzi wa shule: mpini mmoja wa shoka, mali ya mshitakiwa.

Hakimu alikuwa kijana, ametoka mbali, ametoka shule moja kwa moja kuja kwenye meza ile. Alikuwa mtu mwema. Hakuwahi kushika shoka. Mwinshehe hakuwa na wakili. Alipoonyeshwa kielelezo alikitazama, kisha akanitazama mimi, hakumtazama hakimu.

Akasema, "Mheshimiwa, mpini wa shoka una tundu. Shoka langu litaingia wapi hapa?"

Hakimu akanigeukia. "Karani, wewe ni mwenyeji. Ni kweli?"

Nikasema, "Haujatobolewa bado, mheshimiwa."

Mwinshehe akasema, "Na hizi pete? Mimi nachonga kwa panga, mheshimiwa. Panga halikati pete."

Hakimu akanitazama tena. Nikasema, "Ni za kuzuia mkono usiteleze."

Nyuma kulikuwa na wazee wa mji huu, watu waliolala kwenye vitanda vya baba yangu. Walizijua zile pete kama walivyoyajua majina ya watoto wao. Mmoja akakohoa. Hakuna aliyesema kitu. Siwalaumu, niliwategemea.

Mwinshehe akaniambia moja kwa moja, hata hakimu akamkemea, "Karani, wewe unakijua hiki."

Hayo ndiyo maneno niliyoishi nayo. Hakunitukana. Hakuniapiza. Alisema tu kwamba ninajua.

Akafungwa miaka mitano na kuchapwa henzirani kumi na mbili. Na sikilizeni nilivyokuwa mtu wa ajabu. Karatasi ya hukumu ilipokuja kunakiliwa iliandikwa "viboko kumi na viwili". Mimi niliirudisha kwa hakimu, nikamweleza kwa adabu kwamba kitakachotumika ni henzirani, si kiboko, na isahihishwe. Akanishukuru kwa uangalifu wangu. Ikasahihishwa. Neno hilo niliweza kulinyoosha.

Nipe maji. Hapana, si hayo ya chupa, yana ladha ya chupa. Ya mtungi.

Alitoka mwaka wa sabini na sita. Alikuja mahakamani asubuhi, amekonda, amevaa shati lile lile lililokuwa limehifadhiwa gerezani, doa la damu ya Yahya limekuwa kama kutu. Alisimama dirishani kwangu akasema shikamoo, ingawa nilimzidi miaka sita tu. Nikaitika marahaba. Ndiyo, niliitika. Akasema, "Nimefuata mpini wangu." Nikamuuliza mpini gani. Akasema, "Mpini wangu wa shoka. Mahakama imesema ni wangu, imeandikwa. Naomba nipewe, nikatoboe tundu, maana shoka bado ninalo."

Nikamwambia vielelezo vya mwaka ule viliteketezwa. Akasema, "Basi na uongo nao umeungua?" Kisha akasema asante karani, akaondoka, na sikumwona tena kwa macho haya.

Havikuteketezwa. Kirungu kimo kwenye sanduku langu la mbao, chini ya kanzu za Idi, pamoja na ugwe wake. Sihaba amekipangusa vumbi miaka hamsini akidhani ni kitu cha baba mkwe wake. Nilimwambia ukweli wiki iliyopita, ndiyo maana amekaa pale mlangoni. Hakunifokea. Aliniuliza swali moja, kama Mwinshehe alikuwa na mke wakati ule. Nikasema alikuwa naye, na mtoto mchanga wa kike. Akanyanyuka akaenda jikoni, na tangu siku ile chakula changu analeta Zuwena.

Mtauliza kwa nini nilikaa kimya. Mama aliniapisha nisiseme akiwa hai, na aliishi mpaka mwaka wa themanini na tisa. Abdullatif akaniomba nisiseme akiwa hai, kwa ajili ya watoto wake, naye alifariki miaka tisa iliyopita, amestaafu kwa heshima, amehiji, amezikwa na watu wengi. Baada ya hapo hakuna aliyeniziba mdomo. Miaka hiyo tisa ni yangu peke yangu. Kila mwaka nilisema nitakwenda, na kila mwaka nilikuta sababu, na sababu zangu zilifanana sana na zako, Adil, mvua na barabara. Kwa hiyo nikikukasirikia, ujue namkasirikia mtu ninayemjua vizuri.

Sasa Mahmoud. Mahmoud, usiiname, sikukuita ili nikuaibishe, ila nitasema. Jumatatu nilikupa nauli na maneno. Maneno yalikuwa haya: mwambie Mwinshehe bin Pazi kwamba Abdulrazak karani anakiri kuwa kilikuwa kirungu, na anaomba aje, au apokee simu, amsamehe au akatae. Nilikufanya uyarudie mara mbili kama mtoto wa chuoni. Ukarudi jioni. Ukasema, "Baba mkubwa, mzee yule hana neno, amekusamehe." Moyo wangu ukafunguka, Mwenyezi Mungu anajua. Nikakuuliza, ulimwambia nini? Ukasema, nilimwambia unamsalimia. Nikakuuliza, nyumba yake ikoje, ya bati au ya makuti? Ukaanza kunirekebishia shuka. Nikakuuliza, ana ndevu? Ukasema, "Baba mkubwa, tuseme anazo." Tuseme! Hukufika Fukayosi. Uliishia barabarani, na ulirudi na mananasi. Ulimletea mtu aliyekosa hivi mananasi, ukayakata mwenyewe, ukaniwekea kwenye sahani.

Jana ulinieleza sababu yako nami nakushukuru, kwa kuwa ndilo neno la kweli la kwanza nililopata katika jambo hili. Ulisema madrasa mnayoijenga itapewa jina la baba yako, na watu wameshachanga, na maiti hasemwi. Nakujibu mbele ya mashahidi. Sina nia ya kumsema maiti. Najisema mimi, ambaye bado nazungumza. Aliyepiga ni yeye, lakini aliyeandika ni mimi, na Mwinshehe hakufungwa kwa pigo, alifungwa kwa kibandiko. Jina la madrasa amueni wenyewe. Mimi nisingeliweka.

Sheikh Abdulswamad ameniambia waziwazi, na asije akalainisha baadaye kwa kunihurumia, kwamba nilichomkosea Mungu naweza kumwomba Mungu hapa hapa kitandani, lakini haki ya mja haifutwi mpaka mja mwenyewe aachilie. Maana yake nikifa kabla hajanisikia, naondoka nayo. Kwa hiyo hili si suala la mzee kupenda majina ya fimbo. Namhitaji mtu mmoja, yuko mwendo wa saa moja kutoka mlangoni kwangu, na nina watoto wenye magari.

Najua nimepandisha sauti. Sihaba, nisamehe, nawe. Zuwena, umeacha kuandika. Futa macho uandike.

Haya ni maagizo.

La kwanza, kirungu kitolewe sandukuni kibanduliwe kile kijiti, tundu lionekane, ugwe urudishwe. Kisafishwe kwa mafuta ya nazi, si kwa rangi ya dukani. Apelekewe Mwinshehe, na atakayekipeleka akitaje kwa jina lake. Akitaka kukichoma, akichome. Akitaka kukitupa chooni, ni chake.

La pili, nimeandika barua ya ukurasa mmoja, iko ndani ya msahafu wangu. Isomwe Fukayosi, msikitini, baada ya sala ya Ijumaa, na jina langu lisomwe lote, Abdulrazak bin Salumu, karani. Asisome Sheikh. Asome Adil. Nataka asikie sauti yake mwenyewe ikisema maneno yale mbele ya watu waliomwita Mwinshehe mpiga watu kwa miaka hamsini na mitano, na wakawakataza mabinti zao wasiolewe na wanawe.

La tatu, shamba la Kiromo, kama nilivyosema. Akilikataa, na naamini anaweza kulikataa, apewe Rukaya binti yake. Akikataa na yeye, liwe wakfu, na asipewe Adil hata mnazi mmoja. Ndiyo, andika hivyo. Nampenda, lakini andika hivyo.

La nne, familia ya Yahya bin Mbega pale Ubena ikitafutwa ikapatikana, iambiwe. Wana haki ya kujua nani alimpiga mtoto wao. Mahmoud, hilo ni lako. Safari hii ufike.

La tano, nikifa nizikwe siku hiyo hiyo, kabla ya Alasiri ikiwezekana. Usisomwe wasifu wangu. Asisimame mtu akasema nilikuwa karani mwaminifu. Litakapotolewa tangazo kaburini kwamba mwenye kumdai marehemu ajitokeze, msilitoe haraka haraka, kama desturi ilivyo. Tangazeni, kisha ngojeni. Ngojeni mpaka watu wachoke kusimama.

Nimechoka. Nivutieni mto. Hivyo.

Adil, njoo karibu. Mkono wako uko baridi. Ulipokuwa mdogo ulinipa taabu na nilikuchapa mara moja tu, kwa ufito, nikaenda kukaa nyuma ya nyumba. Sina kinyongo nawe. Nilikuwa nataka… nilitaka tu uniendeshee gari.

Mahmoud, baba yako alikuwa na moyo mzuri na mkono mwepesi. Alimpelekea mama yake Yahya unga kila mwezi, miaka yote ile, bila kusema kwa nini. Hilo nalo ulijue. Sikulisema mwanzo kwa sababu nilikuwa na hasira.

Mwenyezi Mungu awape watoto wanaowaambia ukweli. Awape riziki ya halali. Awape… Zuwena, malizia wewe, unajua ninavyoomba. Awape kauli moja, nje na ndani. Amina.

Nani anaingia? Sihaba. Umekuja ndani. Kaa hapa, kitandani, watakupisha.

Anasema alikwenda sokoni alfajiri kwa wauza mananasi, akawauliza mmoja mmoja, mpaka akapata namba ya Rukaya binti Mwinshehe. Mnasikia? Mke wangu ana miaka themanini na moja, na magoti hayo. Saa moja ya asubuhi alikuwa nayo. Kwa nini hukuniambia, mke wangu? Anasema alitaka kwanza asikie kama nitayasema yote bila kujificha. Vyema. Vyema sana.

Piga, Zuwena. Weka sauti watu wote wasikie. Nishikie hapa, karibu na mdomo, sauti yangu ndogo.

Inaita.

Wa alaikumu salaam, binti yangu. Jina langu ni Abdulrazak bin Salumu wa Bagamoyo. Nilikuwa karani. Namwomba mzee wako… Naam. Naam, Rukaya. Sema tena, masikio yangu mazito.

Naam.

Lini?

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Chukua simu, Zuwena. Chukua. Kisha andika. Andika jina lote. Mwinshehe bin Pazi wa Fukayosi amefariki jana, Jumatano, saa kumi jioni, na wamekwisha kumzika.